Zoezi la Mezani

Siku ya pili, Mtama, ukumbini.
Bango lilishikwa na msumari mmoja:
TAHADHARI KABLA YA
na HATARI yenyewe imekunjamana nyuma ya pazia.

Mkufunzi akamimina korosho mezani,
zilizobanguliwa, zisizo na chumvi.
"Kila moja ni watu hamsini," akasema.
Lukuledi ulikuwa uzi wa sufu wa buluu
kutoka kikapuni mwa Bi Somoe, Ustawi wa Jamii,
aliyekuwa akifuma kofia ya mjukuu chini ya meza.
Vifuniko vya soda, vijiji. Kiberiti, zahanati.
Daraja ni rula ya mtu wa Mipango,
iliyovunjika zamani kwenye sentimita ya kumi na nane.

Tulikuwa kumi na tisa:
mganga, afisa mifugo, sajenti wa zimamoto
mwenye gari moja na mpira unaovuja sehemu tatu,
Fakihi wa Ardhi, asinziaye akitikisa kichwa
kama mtu anayeafiki hoja,
nami, mtendaji wa kata,
niliyesaini posho kabla ya mahudhurio.

"Saa nane usiku. Mvua siku ya nne.
Nani anampigia nani?"

"Tunamjulisha Mkuu wa Wilaya,"
tukajibu kwa pamoja, kama darasa la tatu.
"Simu yake haipatikani."
"Tunaandika barua."
Hakuna aliyecheka. Akachukua uzi mwingine,
akaulaza kando ya ule wa kwanza, kisha mwingine,
mto ukanenepa, ukafika kwenye kiberiti.

"Maturubai?"
"Yapo. Mia mbili. Ghalani."
"Ufunguo?"
Loo, jinsi kalamu zilivyoshika kazi!
Nakomolwa wa Ugavi akakohoa:
"Anao Likwata. Mlinzi."
"Na Likwata?"
"Newala. Matangani."
"Namba yake?"

Feni ilizunguka. Uzi ukaongezwa.
Ndipo sauti ikatoka mlangoni, nyuma ya sinia la vikombe:
"Ninayo mimi. Ni shemeji yangu."
Mama Chilumba wa chai.
Hakuwa kwenye orodha, hakuvaa kitambulisho shingoni.
Mkufunzi akaandika jina lake ubaoni, juu kabisa,
juu ya vyeo vyetu vyote,
naye akauliza kama chai aimimine sasa
au angoje mafuriko yaishe.

Baada ya chai korosho hazikutimia.
Tukahesabu mara mbili. Nane hazipo.
Afisa mifugo akapangusa masharubu,
ukumbi ukalipuka kwa kicheko,
sajenti akagonga meza: "Umekula kitongoji kizima, bwana!"
Mkufunzi akangoja tunyamaze.
"Andikeni," akasema. "Watu mia nne hawajulikani walipo."

Tukaandika.
Kalamu yangu ilikwama kwenye *hawajulikani*.

Nikainama, nikatafuta Nampwiya,
pale mto unapojikunja kama mwenye msokoto wa tumbo,
pale bibi alipokesha juu ya paa la makuti
na mbuzi mmoja, na mimi, na sufuria isiyo na kitu.
Nampwiya haikuwa na kifuniko.
"Haimo kwenye ramani," akasema Fakihi, ghafla yu macho.
Nikang'oa kifungo cha mkono wa blauzi,
nikakiweka ndani ya buluu,
na juu yake korosho moja.
"Hatufiki hamsini," nikasema.
"Lakini msiivunje."

Leo ni wiki ya tatu. Cheti kimo kabatini, na mhuri wake.
Bati linapiga kelele tangu alasiri.
Saa nane usiku nimempigia Mama Chilumba,
nimevaa blauzi ileile, mkono bado haujapata kifungo.
"Likwata amerudi?"
"Bado."
"Basi ule ufunguo..."
"Uko kwangu," akasema, "kwenye kopo la sukari.
Uliza lingine."